Ruhusa ya Kuwinda kwa Borst

Yule dume wa bata mzinga alilia juu ya msonobari kabla hata kunguru hawajaamka, na Lyle Empie, aliyekuwa ameketi alfajiri ile mgongo wake ukiegemea ukuta wa mawe, alijua kwamba leo tena atamkosa. Kosa halikuwa la ndege. Ndege alikuwa palepale alipolala jana na juzi, kwenye tawi lake juu ya shamba la nyasi la Tunis Borst, akilia ule mlio wa maji yanayomwagika kwa haraka kutoka chupa yenye shingo nyembamba. Kosa lilikuwa la magoti ya Lyle. Magoti hayakutaka kukaa.

Kumwinda bata mzinga wa porini ni kazi ya kukaa. Unamwita kwa kisanduku cha mbao, unakwaruza kifuniko chake taratibu mpaka kitoe sauti ya jike, halafu unanyamaza. Unakuwa jiwe. Jicho la bata mzinga linakuona ukipepesa kope ng'ambo ya shamba. Lyle aliyajua hayo tangu hajaota ndevu, na katika Bonde la Schoharie watu walikuwa wakimtolea mfano: mbu wanamnywa damu puani, naye hainui mkono. Mwaka huu kila alipoketi, kitu kilianza kumtambaa ndani ya mapaja, kikapanda tumboni, kikafika kifuani, na asipobadilisha mkao alihisi atapiga kelele.

Dume alilia tena. Mabawa makubwa yakapiga hewa, akashuka shambani, upande wa pili wa mwinuko ambako Lyle hakuweza kumwona. Kisha kimya.

Kimya kile ndicho kinachowashinda wawindaji wapya. Ndege akinyamaza wanadhani ameondoka, kumbe anakuja kwa miguu, polepole, anachungulia. Lyle alikuwa amewaeleza watu wengi jambo hilo. Akasubiri. Akahesabu mawe ya ukuta. Akasubiri tena kidogo. Halafu, kama mtu anayemtazama mwenzake akifanya upuuzi, alijiona mwenyewe akiinuka ili achungulie juu ya mwinuko.

Dume alikuwa amesimama pale, karibu kabisa, kichwa chake chekundu na cheupe juu ya nyasi. Alitoa sauti moja fupi, kavu, ya kijiti kinachovunjika, akakimbia kuelekea msituni na hakugeuka nyuma.

"Haya," Lyle alisema. Akachukua bunduki yake, akashuka kwenye pikapu aliyoiacha njia ya chini, kando ya mto, mahali ambapo haionekani kutoka nyumbani kwa akina Borst.

Nyumbani kwake nako hakukukalika. Alikuwa ameanza kupaka rangi ukuta wa jikoni mwezi Machi, akaacha katikati. Akaanza kupanga banda, akaacha. Sasa vyombo vya banda vilikuwa vimelala uani kama vitu vya mnada. Eunice alifariki katikati ya Februari, katika chumba cha mbele, kwenye kitanda cha kukodi walichokigeuza ili aone barabara. Tangu siku ile Lyle alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Angewasha redio na kuizima kabla habari hazijaisha. Angepasha supu, akainywa akiwa amesimama mbele ya dirisha. Usiku alisinzia kwenye kiti, viatu miguuni, kama mtu anayengoja kuitwa.

Na jambo lililokuwa likimsumbua kuliko yote halikuwa kilio. Kilio alikuwa amekizoea kidogo. Ni asante ambayo hakuwa ameitoa.

Theluji ya mwaka huu ilianguka kama vile mtu anaimwaga kwa ndoo. Muuguzi wa Eunice alikuwa akija kila asubuhi kutoka mjini kwa gari dogo, na njia ya kupanda kwa Lyle ni ndefu, ina kona. Kila alfajiri, kabla ya kukamua ng'ombe wake, Tunis Borst alipanda na trekta akaisukuma theluji yote pembeni mpaka mlangoni, akageuza, akashuka. Hakugonga. Hester, mkewe, alichukua shuka zilizochafuka na kuziacha zimefuliwa na kukunjwa kwenye kiti cha nje. Naye hakugonga. Hivyo ndivyo walivyo watu wale. Lyle naye, siku ya mazishi, alipowaona wamesimama pamoja mwisho wa ukumbi wa kanisa, Tunis na suti iliyombana shingo, aliwaendea kabisa kwa nia ya kuwaambia, na mdomo wake ukakauka. Akawapa mkono. Akasema barabara zina utelezi, waende taratibu.

Kwa hiyo alikuwa ameamua: ndege. Katika bonde lile anayewinda kwenye shamba la mtu humpelekea mwenye shamba ndege wake wa kwanza wa msimu. Ukiwa na ndege mkononi huhitaji kusema sana. Unamweka mezani, ndege anasema. Lakini mwezi Mei ulikuwa umefika siku ya mwisho kasoro moja, na Lyle hakuwa na hata unyoya.

Asubuhi ileile aliyomkimbiza dume, alipita kwenye duka la petroli kunywa kahawa. Duane, fundi wa matrekta, alikuwa ameketi kwenye benchi la ndani pamoja na andazi lake, na alipomwona tu Lyle akamgeukia binti wa kaunta na wateja wengine.

"Mmemwona? Mwezi mzima. Bibi yangu alikuwa haoni jicho moja na angekuwa ameshaangusha wawili."

"Bibi yako alikuwa anawapiga kwa fimbo, nasikia," Lyle alisema.

"Kwa kiatu. Risasi zilikuwa za wageni." Duane alicheka, akasogea kumpa nafasi. Lyle hakuketi. "Lakini kweli, mzee. Wewe? Tatizo nini, masikio?"

"Siwezi kukaa."

Duane alifungua mdomo amjibu kwa utani, akamtazama usoni, akaufunga. Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga.

"Yatapita hayo," alisema. Halafu, kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, akaongeza: "Umesikia habari za wale jamaa wa mjini? Wamekwenda kwa Tunis wiki iliyopita kuomba kuwinda. Nguo za madoadoa mpya, vibandiko vya bei bado vinaning'inia. Tunis akawaambia nafasi imeshachukuliwa. Wakamuuliza, na nani? Akasema, na mtu ambaye hajaja kuomba bado."

Lyle aliiweka kahawa yake juu ya kaunta.

"Amesema hivyo?"

"Hester ndiye aliyemsimulia mke wangu. Wanacheka huko." Duane alimtazama vizuri. "Lyle. Usiniambie hukuenda kuomba."

Lyle alitazama nje, kwenye pikapu yake. Kuomba kule, kwa watu wa bondeni, si jambo dogo, na si jambo la mara moja. Unaweza kuwinda kwenye shamba la mtu miaka thelathini; kila mwaka mwezi Aprili unakwenda upya, unagonga mlango, unaomba kama mgeni. Mwenye shamba anajua utakuja, wewe unajua atakubali, na mnasemezana vilevile. Asiyeomba ni mwizi wa heshima, hata kama hajavunja ua. Lyle aliwahi kumkatia salamu binamu yake kwa kosa hilo.

Ila miaka yote hiyo thelathini Lyle hakuwahi kuomba yeye. Eunice ndiye aliyeomba. Alioka pai ya tufaha, wakaenda pamoja kwa pikapu, Eunice akaingia ndani, na Lyle akabaki garini, injini inanguruma, akisoma gazeti la wiki iliyopita. Saa nzima Eunice alikaa mle ndani. Akitoka alisema tu, "Tayari," nao wakaondoka. Aprili hii Lyle alifika mpaka kwenye sanduku lao la barua, akalitazama, akageuza gari. Alijiambia wanajua tu. Mwezi mzima alikuwa akiingia shambani kwa njia ya mto kama mlevi anayerudi kwake kupitia dirishani.

"Na jambo jingine," Duane alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Bonde zima limeshakata nyasi. Za Tunis zimefika kiunoni. Ukimuuliza anasema mashine ya kukatia imeharibika. Mimi ndiye niliyeitengeneza mwezi wa tatu, mzee. Ile mashine haina ugonjwa wowote. Na Jumapili mvua inakuja, ya siku nyingi."

Nyasi zikikatwa, ndege huhama mahali pao. Kila mtu pale dukani alijua hilo, hata yule binti wa kaunta.

Mchana ule Lyle aliendesha mpaka kwa akina Borst. Alikuwa na nia kamili. Hester alikuwa uani akianika nguo, vibanio mdomoni, na upepo ulikuwa unazipiga shuka. Lyle aliziona zile shuka, na mguu wake ukakataa kukanyaga breki. Akapita. Akageuza kwenye uwanja wa kanisa, akarudi, akapita tena. Safari hii Hester alikuwa amegeuka, amekiweka kiganja juu ya macho. Akanyanyua mkono kumsalimu. Lyle akanyanyua wake, akaenda zake nyumbani, akaipaka rangi sehemu ndogo ya ukuta, akaacha.

Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya msimu, na sheria inafunga uwindaji saa sita mchana. Aliona imebaki njia moja tu: ampate ndege, aende mlangoni akiwa amemshika, mikono iwe na kazi.

Alfajiri iliyofuata dume alilia kama kawaida. Lyle aliita mara moja, kidogo tu. Dume akajibu hapo hapo, kwa hamaki, na moyo wa Lyle ukapiga kama wa mwindaji mpya. Lakini majike wa kweli walikuwa chini ya mti, wakamwita wenyewe, naye akawashukia na kuwafuata upande wa chini, akiwatambia, mkia wake umefunguka. Sauti zikafifia. Jua likapanda. Lyle aliketi, akainuka, akahamia kwenye mwaloni ulioanguka, akarudi ukutani. Umande ukaanza kukauka. Akapanda mpaka kwenye kona ya juu, akashuka. Alikuwa amekwisha kuzunguka nusu ya shamba wakati aliposikia trekta.

Tunis alikuwa amekaa juu yake wima, kofia imeshuka mpaka masikioni, na ile mashine ya kukatia inafuata nyuma. Aliingia kwa lango la chini, akamwona Lyle amesimama peupe katikati ya nyasi kama sanamu ya kutishia ndege, akaja hadi kwake na kupunguza moto wa injini.

"Lyle."

"Tunis."

"Umeona chochote?"

"Nimesikia tu."

"Hata kusikia si vibaya." Tunis alitazama mawingu mepesi ya magharibi. "Naanza huku chini. Mashine imepona."

"Duane anasema haikuwa inaumwa."

"Duane ana mdomo mpana kuliko gereji yake." Akajikuna shingo. "Huku juu sitafika mpaka baada ya chakula cha mchana. Na Hester anasema jana umepita mara mbili, akadhani labda umesahau nyumba ni ipi."

Hii ndiyo nafasi. Lyle aliijua. Walikuwa wawili tu, na mwenzake alikuwa ameshauvuta uzi mpaka umefika mkononi mwake. Akavuta pumzi. Maneno yalikuwa yamejipanga, theluji, shuka, nyasi hizi. Akafungua mdomo.

"Trekta yako inavuja mafuta," alisema.

Tunis aliinama, akalitazama lile doa jeusi juu ya nyasi.

"Imeanza kuvuja kabla sijaoa," alisema, akatia gia, akaenda.

Lyle alibaki amesimama pale. Aliona aibu kiasi kwamba masikio yalimwaka moto. Miguu ikamtaka aondoke, ashuke mtoni, aingie kwenye pikapu, aendeshe tu, popote. Akageuka. Alikuwa amepiga hatua kadhaa wakati trekta ilipofika mwisho wa mstari wa kwanza, Tunis akanyanyua mashine kwa kishindo ili ageuze, na kutoka kwenye ukanda wa miti wa juu, dume akalia.

Lyle alisimama.

Dume wa bata mzinga mwezi Mei hulijibu jambo lolote lenye kelele. Humjibu bundi, humjibu kunguru, hujibu mlango wa gari ukibamizwa. Mashine ilishuka tena, ikanguruma, ikaenda mpaka mwisho, ikanyanyuliwa kwa kishindo, na dume akalia tena, safari hii kushoto zaidi. Hakuwa na majike tena. Majike mwishoni mwa Mei hurudi kwenye mayai yao jua likipanda. Alikuwa peke yake, anatembea ukingoni mwa miti, na kila trekta ilipogeuza alikuwa akitaja mahali alipo.

Basi Lyle akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Trekta iliponguruma, alitembea, ameinama nyuma ya ukuta wa mawe, kelele za injini zikizifunika hatua zake. Trekta ilipogeuza, alisimama, akasikiliza. Dume akalia. Akatembea tena. Magoti yaliyomnyima utulivu mwezi mzima sasa yalipewa kazi, yakatulia kama farasi aliyefungwa gari. Alipanda hivyo mwinuko wote, kwa vipande, akishika mawe, mpaka dume alipolia karibu sana, ng'ambo ya kichaka cha matunda ya mwitu, na Lyle akajua kwamba hapa hakuna kutembea tena. Hatua moja zaidi na amemkimbiza.

Akashuka chini, mgongo kwenye shina la mti mkubwa, bunduki juu ya goti. Mbele yake nyasi, nyuma ya nyasi ukingo wa udongo na msitu unaopanda. Trekta ilikuwa mbali nyuma yake, chini ya mwinuko. Alihakikisha hilo kwanza. Akakwaruza kisanduku, laini, mara moja, akakiweka chini.

Dume hakulia.

Trekta ikageuza. Dume hakulia.

Kile kitu kikaanza kumtambaa ndani ya mapaja. Lyle alikifahamu sasa kama mtu anavyoifahamu homa yake. Kikapanda tumboni. Alitaka kuchungulia tu, kidogo tu, upande wa kulia wa kichaka. Mdudu akatua juu ya jicho lake. Kikafika kifuani, na pale kifuani, badala ya kumrusha juu kama siku zote, kikakaa, kikawa kizito, na Lyle akaona kitanda cha kukodi na dirisha, na mkono wa Eunice ndani ya wake, mkavu, mwepesi kama karatasi. Usiku ule wa mwisho hakuwa ameinuka hata mara moja. Alikaa mpaka mgongo ukafa ganzi. Alijua kukaa. Alikaa mpaka hapakuwa na wa kukaa naye, na kuanzia hapo mwili wake ulikiogopa kiti.

Machozi yalimshuka mpaka ndevuni. Hakuyafuta. Dume angeuona mkono.

Akakaa. Trekta ilikwenda na kurudi. Nyasi mbele yake zikatikisika mahali ambapo hapakuwa na upepo, na kichwa kikainuka, chekundu, cheupe, na buluu pembeni ya jicho, kikamtazama moja kwa moja, kikaona mti wenye mizizi minene. Ndege akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kishada cha nywele nyeusi kinachoning'inia kifuani mwake kiligusa ncha za nyasi. Aliposhusha kichwa nyuma ya shina dogo, Lyle aliinua bunduki; kilipotokea upande wa pili, akafyatua.

Alikwenda kupiga magoti kando yake. Akavua kofia, kama alivyofanya siku zote, akaweka kiganja mgongoni mwa ndege, juu ya manyoya yanayobadilika rangi, shaba, kijani, zambarau, mpaka yalipotulia.

"Asante," alimwambia.

Neno lilitoka bila shida yoyote. Lyle alilisikia likitoka, akabaki amepiga magoti, akishangaa.

Akakifunga kikaratasi cha kibali mguuni kwa ndege, akamtupia begani, akashuka. Hakushukia njia ya mto. Alikata katikati ya shamba lililokatwa, peupe, juu ya nyasi mbichi zilizolala mistari, harufu yake inapanda puani, na kuelekea moja kwa moja nyumbani. Trekta ilikuwa imesimama bila dereva karibu na lango.

Hester alifungua kabla hajagonga. Alikuwa na unga mikononi. Nyuma yake, mezani, Tunis alikuwa ameshavua kofia na paji lake la uso lilikuwa jeupe kama la mtu mwingine.

Lyle alikuwa amepanga kumnyanyua ndege na kunyamaza. Lakini aliposimama pale kizingitini, ambapo hakuwahi kusimama hata siku moja, kitu kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kuwinda," alisema.

Hester alimtazama. Akamtazama ndege aliyening'inia mgongoni kwake, kichwa chake kikigonga gonga mfuko wa koti.

"Kuwinda nini?"

"Bata mzinga."

"Tunis," Hester aliita bila kugeuka, "Lyle amekuja kuomba kuwinda."

"Mwambie msimu unafungwa saa sita."

"Anasema unafungwa saa sita."

"Nimesikia."

"Basi sisi hatuna neno," Tunis alisema, akiitazama saa ya ukutani. "Ila akazane. Muda umemtupa mkono."

Hester alianza kucheka, kwanza kwa mabega tu, halafu akashindwa, akajifuta macho kwa mkono wenye unga. Lyle naye alicheka, na ndani ya kicheko kile, kabla mdomo haujakauka, akasema yote.

"Ile theluji, Tunis. Nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nimekaa naye na nasikia trekta inapanda, basi najua njia iko wazi, muuguzi atafika. Sikutoka hata siku moja kukupungia mkono. Na zile shuka, Hester. Nilizikuta kwenye kiti zikiwa bado na joto. Na hizi nyasi, mmeziacha zikakomaa kwa ajili yangu, na mimi naingia kwa njia ya mto. Nilitakiwa kuja. Asanteni. Sikujua naanzia wapi."

Tunis aliisogeza sahani yake kidogo, akairudisha.

"Theluji yenyewe ilikuwa nyepesi," alisema.

"Haikuwa nyepesi," Hester alisema. "Umevunja jembe la mbele la kusukumia theluji."

"Nimevunja moja."

"Na lile uliloazima kwa Duane je?"

"Lile lilikuwa limeshachoka."

Lyle akamlaza ndege juu ya magazeti ambayo Hester aliyatandaza kwa haraka, akasema ni wenu, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Hester alikuwa ameshasimama mbele ya mlango.

"Kaa."

"Nyasi za mwenzangu..."

"Kaa, Lyle. Viatu usivue."

Aliketi. Hester alimwekea kahawa, na mkate, na nyama baridi, halafu naye akavuta kiti, akakunja mikono juu ya meza.

"Haya," alisema. "Tusimulie. Alikujaje?"

Lyle alikishika kikombe. Ndege mmoja mmoja, miaka yote, alikuwa akimsimulia Eunice jikoni, mwanzo hadi mwisho, na Eunice alikuwa akiuliza, "Halafu?" hata pale alipokuwa amesikia. Tangu Februari hakuwa amemsimulia mtu jambo lolote. Alidhani hana la kusimulia.

"Alilala kwenye msonobari," alianza. "Ule wa ukingoni." Akachukua kichupa cha chumvi, akakisimamisha katikati ya meza. "Huu ndio msonobari. Mimi niko hapa." Akaweka kijiko. "Tunis huku chini, na makelele yake. Halafu huu," akasema, akilaza kisu kutoka kwenye sahani hadi kwenye kikombe, "huu ndio ukuta wa mawe."

Tunis alikuwa ameshaichukua kofia yake, amesimama nusu. Akakitazama kisu. Akaketi tena, akanyoosha kidole kimoja kinene, akakisogeza kisu kidogo upande wa kushoto.

"Ukuta wangu umepinda hapa," alisema. "Endelea."